Mwezi Mpevu na Tasnifu ya Ndagala

Apitaye mtaa wa Rohero, hapa Bujumbura, katika majuma ambayo vyuo huwaita wanafunzi wao kutetea tasnifu huwatambua watahiniwa kwa mavazi yao kabla hajawatambua kwa maneno yao: kijana aliyeazima suti ya mjomba, ambayo mabega yake yamezidi mabega ya aliyeiazima, binti aliyejitanda imvutano iliyopigwa pasi mara mbili, anayetembea kwa hadhari asije akaikanyaga, na nyuma yao jamaa wenye kreti za soda na bia, masufuria yaliyofunikwa kwa vitambaa, na shada la maua ambalo limekwisha kuanza kunyauka kwa joto la Imbo. Ukiwauliza jamaa hao shughuli ni ya nini, watakujibu kwa fahari kwamba mtoto wao leo anatetea memwari. Na ukizidi kuwauliza memwari hiyo yahusu nini, watatazamana, kisha mmoja wao, aghalabu aliye mdogo kuliko wote, atasema kuwa yahusu uchumi.

Jawabu hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Si zamani nilialikwa katika ukumbi mmoja wa Rohero, ambao sina haja ya kuutaja, kushuhudia utetezi wa binti wa jirani yangu wa Buyenzi. Mama yake alikuwa akiuza ndagala katika soko kuu la mji huu mpaka siku lilipoteketea kwa moto, tarehe 27 Januari 2013, na baada ya msiba huo akauza kando ya njia, juani na mvuani, na kwa faida ya senti juu ya senti akamlipia mwanawe karo, madaftari, nauli, na mwishowe gharama za kuchapa tasnifu yenyewe katika nakala zilizohitajiwa na jopo. Kwa bahati njema, tasnifu hiyo nayo ilikuwa juu ya ndagala: kipato cha wanawake wanaonunua samaki hao ufukoni Rumonge, wakawaanika, wakawapeleka masokoni. Mtahiniwa aliwahoji wanawake 40 kwa siku sita, akapanga majibu yao katika majedwali mazuri, akayafafanua kwa Kifaransa fasaha kwa muda wa dakika 20 bila ya kukwama hata mara moja.

Jopo likauliza. Wa kwanza alitaka kujua kwa nini orodha ya marejeo haikufuata utaratibu mmoja. Wa pili alisikitika kwamba mwandishi fulani wa Ulaya hakutajwa. Wa tatu, ambaye ndiye msimamizi wa kazi, alisema maneno ya sifa na swali lake likapotelea ndani ya sifa hizo. Binti alijibu kwa adabu na kwa wepesi. Jopo likatoka, likarudi, sote tukasimama, tukasomewa kwamba mtahiniwa amepasi kwa distinksioni, ukumbi ukajaa vigelegele.

Baadaye, uani, sahani zilipokwisha kuanza kuzunguka, mama yake, aliyekuwa ameketi juu ya kiti cha plastiki na chupa ya Fanta mkononi, alimwita mwanawe akamwomba amweleze kwa Kiswahili kile ambacho watu wale walikuwa wakikizungumza. Binti akaeleza: kwamba katika siku sita za utafiti wake wanawake wengi walipata samaki siku mbili tu, wakarudi nyumbani siku nyingine na vikapu vitupu, na kwamba sababu yake, kwa mujibu wa hesabu, ni uhaba wa mtaji. Mama akafikiri kidogo, kisha akauliza:

"Mwanangu, mlikwenda Rumonge mwezi ukiwa wapi?"

Binti alicheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Ndagala, wale ambao ndugu zetu wa Kigoma huwaita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa: wavuvi huwasha mwanga juu ya maji, samaki wakaufuata na kujikusanya chini yake, wavu ukainuliwa. Mwezi unapokuwa mpevu ziwa lote huwa taa, samaki hawana haja ya kuikimbilia taa ya mvuvi, na wavuvi wengi huvuta vyombo vyao pwani wakashona nyavu na kulala mpaka giza lirejee. Katika siku hizo, mwenye mtaji na asiye na mtaji hurudi na vikapu vyao vivyo hivyo. Binti akatoa simu, akatafuta kalenda, akazihesabu siku zake sita, akaona kwamba zote ziliuzunguka mwezi mpevu kama nyuki waizungukavyo maua. Akaishusha simu.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza," mama akasema, bila ya lawama yoyote, akampa sahani yake ya nyama.

Sikusudii kuwalaumu waliokaa nyuma ya meza siku ile. Waliuliza juu ya karatasi kwa sababu walipewa karatasi, na mtu aliyezaliwa mbali na ziwa hana dhambi kwa kutojua habari za mwezi na nyavu. Simlaumu sana binti pia, kwani alijiandaa kwa bidii kama alivyofundishwa kujiandaa: alijisomea mbele ya kioo, akajipima kwa saa ya simu, akawaita rafiki zake watatu wa darasa moja wamsikilize, nao, kwa kuwa walisoma vitabu vilevile na kusikia mihadhara ileile, wakamwuliza maswali ambayo yeye mwenyewe angewauliza. Neno langu ni hili: maandalizi ya kutetea tasnifu katika mji wetu yamepungukiwa na sehemu iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kusimama, siku chache kabla ya siku yenyewe, mbele ya mtu aijuaye shughuli lakini asiyeijua lugha ya shule, ukamweleza kazi yako kwa lugha ya nyumbani, ukamwacha akuhoji.

Nayasema haya kwa kuwa nami nilipata adhabu yake. Katika ujana wangu niliandika tasnifu ambayo neno "dialektiki" lilipita ndani yake kama mgeni mheshimiwa, likikaribishwa katika kila sura, na siku ya utetezi nililitamka kwa sauti ya kujiamini hata nikahisi ukumbi umeinama kwa taadhima. Ndipo mzee mmoja katika jopo, mtu mpole mwenye miwani ya fremu nene, akaiweka kando karatasi yake na kuniuliza kwa Kirundi, taratibu, nimweleze maana ya neno lile kama vile ningemweleza babu yangu kijijini. Nilifungua kinywa. Nilikifunga. Kifaransa changu chote kilinikimbia, kwa maana hakikuwa changu. Nilikuwa nimekivaa tu, kama yule kijana aliyeivaa suti ya mjomba. Nilipasi, kwa huruma zaidi kuliko kwa haki, na tangu siku ile nimekuwa nikiamini kwamba lugha ya kuazima ina tabia ya kumsitiri mwenye ujinga hata ujinga wake usionekane na yeye mwenyewe.

Tena mambo haya yana historia yake. Zamani mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Usumbura, jina ambalo uliliacha ulipopatikana uhuru mwaka 1962, Rohero ilikuwa makazi ya Wazungu, na sisi wengine tulipangiwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na Bwiza, ambayo wazee wengine hadi leo huiita Belge. Elimu ya juu ilipokuja ilifuata ramani hiyohiyo. Chuo Rasmi cha Bujumbura kiliasisiwa mwaka 1964. Mwaka 1973 kikaunganishwa na shule kuu ya ualimu na ile ya utawala, na kutokana na muungano huo kikatoka kile tukijuacho leo kwa jina la Chuo Kikuu cha Burundi, chenye majengo yake makubwa Mutanga. Kutoka Buyenzi mpaka Mutanga ni mwendo wa miguu usiofika saa moja; lakini katika mwendo huo mfupi mwanafunzi hubadili lugha, akakiacha Kiswahili karibu na msikiti na Kirundi karibu na lango, akaingia darasani na Kifaransa peke yake, na jioni akirudi nyumbani huyafanya hayo kinyume, asichukue chochote kutoka upande huu kwenda upande ule.

Si wote walioishi hivyo. Wapo wanafunzi wa historia wa chuo hicho ambao kwa miaka mingi walitumwa na walimu wao kupanda vilima, kuketi na wazee, kuwauliza kwa Kirundi habari za watawala, njaa, ng'ombe, ngoma na mipaka ya ardhi, kisha kuyaandika majibu katika tasnifu zao za shahada ya kwanza. Tasnifu hizo ziliandikwa na vijana ambao wengi wao hawakupata kuandika kitu kingine tena maishani mwao; lakini mabingwa wa historia ya Burundi, wa hapa na wa ng'ambo, wamezitumia na kuzitaja katika vitabu vyao, kwa sababu ndani yake mna sauti za watu ambao wengi wao sasa wamekwisha kuzikwa. Nani leo akumbukaye walipasi kwa alama gani? Na hakuna mwanahistoria aliyezifungua kurasa hizo ili aone kama marejeo yalipangwa kwa utaratibu mmoja.

Wako watakaoniambia kwamba utetezi wa tasnifu ni ada ya kigeni, na kwamba haina budi kufuatwa kwa desturi za wenyewe. Mimi naona kinyume. Nchi hii ilikuwa na utetezi wake kabla ya chuo chochote kujengwa. Mtu hakutawazwa kuwa mushingantahe, yaani mzee wa kuamua mashauri ya watu, kwa sababu ya kusema vizuri asubuhi moja; alikaa miaka akiangaliwa na majirani, chini ya ulezi wa mmoja wa wazee waliomtangulia, akisikiliza namna mashauri yanavyoamuliwa, huku mwenendo wake nyumbani, shambani na penye kinywaji ukipimwa na watu wasiomwambia kwamba wanampima. Siku ya kutawazwa ilikuwa ya hadhara, yenye kiapo, yenye fimbo ya intahe, na bia ya mtama haikukosekana. Kwa hiyo siwakemei jamaa wabebao kreti kuingia Rohero. Karamu ni yetu tangu asili. Tulichokipoteza ni ile miaka iliyoitangulia karamu, yaani kule kuhojiwa na watu wa kawaida, kila siku, katika lugha isiyo na mahali pa kujificha.

(Na kwa kuwa nimeitaja fimbo, niruhusiwe kusimulia kwamba huko Uholanzi mtahiniwa wa shahada ya uzamivu akiwa katikati ya mjadala na maprofesa wake, mtumishi wa chuo huingia ukumbini na fimbo mkononi, muda uliowekwa unapotimia, akatamka kwa Kilatini kwamba saa imefika, na hapo mjadala hukatika, hata kama mtahiniwa amebakiza nusu ya sentensi. Wengi wa wasemaji wetu wa Rohero wangenufaika sana na mtumishi wa namna hiyo, lakini huo ni mjadala mwingine.)

Watu wa pwani nao, na hata sisi wa Buyenzi tuliorithi dini na lugha kutoka kwao kwa njia ya Ujiji, tulikuwa na utaratibu wetu. Mwanafunzi wa darsa hakuachiwa kukisoma kitabu peke yake akaja kutangaza kwamba amekimaliza. Alikisoma mbele ya shekhe wake, mstari baada ya mstari, akafasiri kwa Kiswahili kila alichokisoma kwa Kiarabu, na pale alipofasiri ovyo alisimamishwa papo hapo, mbele ya wenzake wote. Ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha, ilikuja baada ya hapo. Angalieni hekima ya jambo hili: kitabu kilikuwa cha Kiarabu, heshima ya Kiarabu haikupunguzwa hata kidogo, lakini uthibitisho kwamba mtu amefahamu ulitakiwa kwa lugha ya mama yake.

Basi na isidhaniwe kwamba nataka Kifaransa kifukuzwe katika kumbi za Rohero. Kifaransa kimekwisha kuwa milki yetu kama mwembe ulivyokuwa wetu, ingawa mbegu zake zilitoka mbali. Kinatufungulia maktaba, kinatuunganisha na Kinshasa na Dakar, na mtahiniwa ana wajibu wa kukisema sawasawa. Wala siombi sheria mpya. Sheria ya mwaka 2011 ilikwisha kuugeuza mpangilio wa elimu ya juu, ikaleta ngazi tatu za shahada, na walimu wangali wakiuzoea mpango huo hadi leo. Kuwaongezea mzigo mwingine kungekuwa dhuluma. Ninachokiomba hakihitaji saini ya waziri. Chahitaji jioni moja.

Nimesikia hoja ya wanafunzi kwamba hawana hiyo jioni moja. Wanasema siku za mwisho ni za mbio: umeme hukatika wakati faili ingali wazi, mashine ya kunakili katika sekretaria ya mtaani huishiwa na wino katika ukurasa wa 60, msimamizi amesafiri na saini yake haijapatikana, suti iko kwa dobi, mafuta ya gari hayapatikani na wageni wa kutoka Gitega hawajui watafikaje. Yote ni kweli, na mimi naijua shida ya mji huu. Lakini nimewatazama vijana hao hao wakizunguka mji siku nne kutafuta bei nafuu ya vinywaji, na nimeona orodha za wageni zilizoandikwa kwa uangalifu kuliko orodha ya maswali ambayo huenda wakaulizwa. Mwenye kupata siku nne za bia hakosi saa mbili za mama yake.

Hoja iliyo nzito zaidi niliisikia kwa mwalimu mmoja ambaye namheshimu. Alisema kwamba muuza ndagala hajui maana ya sampuli, wala ya kosa la makadirio, na kwamba kumweka kuwa hakimu wa utafiti ni kuidhalilisha elimu. Nakubali kwamba hajui maneno hayo. Swali lake kuhusu mwezi, hata hivyo, lilikuwa swali la sampuli tupu: aliuliza kama siku zilizochaguliwa zafaa kuziwakilisha siku zote. Aliliuliza bila ya istilahi, na kwa sababu hiyo halikuweza kukwepwa kwa istilahi. Laiti lingeulizwa siku tatu kabla, binti angepata nafasi ya kuandika ukurasa mmoja wa kukiri mipaka ya kazi yake, akausema ukumbini kwa kinywa chake mwenyewe, na nadhani hata yule aliyesikitikia mwandishi wa Ulaya angeinua kichwa.

Katika kukiri huko ndiko hasa ulipo utetezi. Neno "kutetea" limewahadaa wengi wakadhani kwamba wanakwenda vitani, kwamba kila swali ni mkuki na kila jibu ni ngao, na kwamba mwenye kusema "hapo nilikosea" au "hilo sikulitazama" ameshindwa. Nimehudhuria mitihani ya namna hii mara nyingi, nikiwa nyuma ya meza na nikiwa mbele yake, na sijapata kuona jopo likimwadhibu mtahiniwa aliyetaja dosari yake kwa utulivu na kueleza angeirekebisha vipi. Waliopata aibu niliowaona ni wale walioshindana na swali, wakalizungusha, wakamrudishia mwulizaji kurasa walizozikariri. Na mtu hawezi kuikiri dosari asiyoijua, wala hataijua dosari yake kutoka kwa kioo.

Kwa hiyo nina haja na wewe, mwanangu, unayesoma gazeti hili huku tarehe yako imekwisha kubandikwa ubaoni. Suti iache kwa dobi, itakuja. Vinywaji mwachie kaka yako. Jioni ya leo mwite mama yako, au shangazi yako, au yule mzee wa jirani aliyeifanya kazi unayoiandika kabla wewe hujazaliwa, mketishe, mweleze kwa lugha mnayogombania na kuchekea nyumbani ulikwenda wapi, uliwauliza nini watu, na umeona nini. Chukua kalamu. Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kufikiri, na swali lake la kwanza uliandike kama alivyolisema.